Tableti ikipoteza Wi-Fi kila mara, tafuta kasoro ilipo kabla ya kufungua mkoba

NYUMBA nyingi zilizo na huduma ya intaneti nchini zimewahi kukumbwa na kero hii. Tableti inawaka vyema, alama ya Wi-Fi inaonekana juu ya kioo, lakini baada ya dakika chache mtandao unakatika. Hurejea wenyewe, ukakatika tena, na hali ikaendelea hivyo siku nzima.

Mara nyingi lawama huishia kwa tableti. Kuna wanaoipeleka kwa fundi na kulipia matengenezo ambayo hayakuhitajika. Kuna wanaoirejesha katika hali iliyokuwa nayo ilipotoka kiwandani, wakapoteza picha za familia na kazi za shule ambazo hazikuwa zimehifadhiwa kwingine. Wengine hununua mpya. Tatizo linapojitokeza tena katika kifaa hicho kipya, ndipo hubainika kuwa kasoro ilikuwa kwingine.

Hasara hiyo si ndogo kwa familia ya kawaida. Tangu shule zilipofungwa Machi 2020 kutokana na janga la Covid-19, tableti, ambayo pia huitwa kishikwambi, imekuwa chombo cha masomo katika nyumba nyingi. Wazazi nao huitumia kuhudhuria mikutano kwa njia ya video, kujaza fomu za serikali na kuwasilisha taarifa za ushuru. Mtandao ukikatika fomu ikiwa nusu, aghalabu mtu hulazimika kuanza upya.

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Hata hivyo, ufa hauwezi kuzibwa kabla ya kujulikana ulipo, na hapo ndipo wengi hukosea.

Safari mbili, si moja

Neno 'Wi-Fi' hutumiwa mitaani kumaanisha intaneti. Kwa hakika, haya ni mambo mawili tofauti.

Taarifa zinazofika kwenye tableti hupitia safari mbili. Safari ya kwanza ni kutoka ulimwengu wa nje hadi kwenye ruta, yaani kile kisanduku chenye taa ndogo ambacho hufungwa ukutani au kuwekwa juu ya meza. Taarifa hizo hupitia waya wa fiber, waya wa kawaida au mnara wa simu. Safari ya pili ni fupi, kutoka kwa ruta hadi kwenye tableti kupitia mawimbi ya redio. Hii ya pili ndiyo Wi-Fi.

Kwa hivyo, Wi-Fi inaweza kuwa imara huku intaneti ikiwa haipo kabisa. Mnamo Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zinazopita chini ya bahari zilikatika, na huduma za intaneti zikadorora nchini Kenya, Tanzania na mataifa mengine ya ukanda huu. Siku hiyo ruta za nyumbani zilikuwa zikifanya kazi bila hitilafu yoyote. Hakuna fundi wa tableti ambaye angeweza kutatua tatizo hilo.

Njia rahisi ya kutenganisha safari hizi ni kutazama alama ya Wi-Fi wakati mtandao unapokatika. Ikiwa alama imetoweka, basi tableti imepoteza mawasiliano na ruta. Ikiwa alama ingalipo lakini hakuna ukurasa unaofunguka, au kuna alama ya mshangao kando yake, huenda kasoro iko upande wa nje.

Anayetaka uthibitisho zaidi anaweza kufungua ukurasa wa ruta yenyewe. Ruta nyingi za nyumbani hutumia anwani kama vile 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na anwani kamili huandikwa kwenye kibandiko kilicho chini yake. Ukurasa huo ukifunguka kwenye tableti ilhali tovuti nyingine zote zimekataa, basi Wi-Fi iko salama na anayepaswa kupigiwa simu ni kampuni inayouza huduma ya intaneti. Katika huduma ya fiber, taa iliyoandikwa LOS ikiwaka rangi nyekundu huwa ni ishara kwamba mwanga haufiki kupitia waya huo.

Maswali matatu ya kujiuliza

Ikibainika kwamba ni Wi-Fi inayokatika, maswali matatu hupunguza kazi. Je, ni tableti pekee inayokatika au hata simu na televisheni? Hukatika kila mahali nyumbani au katika chumba kimoja? Na je, hukatika wakati wowote au saa fulani?

Vifaa vyote vikikatika kwa pamoja, tableti haina hatia. Ruta ndiyo ya kuchunguzwa. Mtandao ukikatika chumbani lakini ukawa imara sebuleni, umbali na kuta ndizo za kulaumiwa. Ukikatika jioni pekee, majirani wanaporejea kutoka kazini, huenda mawimbi yamesongamana. Na ikiwa tableti hukatika hata ikiwa mita moja kutoka kwa ruta, huku simu iliyo kando yake ikiendelea bila tatizo, hapo ndipo tableti huwa na maswali ya kujibu.

Ni muhimu kufanya majaribio haya kwa siku mbili au tatu kabla ya kuamua. Jaribio moja halitoshi, kwani kifaa chochote kinaweza kukatika mara moja kwa bahati mbaya.

Kuta, vioo na majirani

Ruta nyingi za siku hizi hutumia masafa mawili, GHz 2.4 na GHz 5. Masafa ya GHz 2.4 husafiri mbali zaidi na kupenya kuta vyema, ila kasi yake ni ya chini. Yale ya GHz 5 yana kasi kubwa lakini hudhoofika haraka yanapokumbana na ukuta.

Ukuta wa mawe hupunguza nguvu za mawimbi, na saruji iliyojengewa vyuma ndani huyapunguza zaidi. Katika nyumba za kale za Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na kuta nene, chumba kimoja kinaweza kuwa na mtandao imara huku cha pili kikikosa kabisa. Vioo vikubwa vya kujitazamia, majokofu, matangi ya maji na makabati ya chuma pia huzuia mawimbi.

Mahali panapofaa ruta ni katikati ya nyumba, juu kiasi cha kabati au rafu, na pasipo na kizuizi. Hata hivyo, katika nyumba nyingi hufichwa nyuma ya televisheni kwa kuwa ndipo fundi wa fiber alipoishia na waya. Kuisogeza mita mbili tu kunaweza kumaliza tatizo bila gharama yoyote. Anayetaka kuisogeza mbali zaidi anafaa kuita kampuni husika, kwani waya wa fiber una kioo ndani na hukatika ukipindwa kupita kiasi.

Wakazi wa majumba ya ghorofa, kama yale ya Pipeline, Umoja na Zimmerman jijini Nairobi, wana tatizo jingine. Ruta za majirani huwa nyingi, na zote hupigania nafasi ileile hewani. Masafa ya GHz 2.4 yamegawanywa katika njia kadhaa, lakini ni tatu tu, yaani 1, 6 na 11, ambazo kwa kawaida hutumika pamoja bila kuingiliana. Ruta ishirini zikiwa karibu, msongamano hauepukiki.

Zipo programu zisizolipiwa ambazo huonyesha ni njia gani iliyojaa na ipi ina nafasi. Mwenye ruta anaweza kuingia katika mipangilio yake na kuchagua ile yenye msongamano mdogo. Ikiwa tableti inaweza kutumia GHz 5, kuihamishia huko ni afadhali zaidi, mradi itumike karibu na ruta.

Tanuri la mikrowevu pia ni mshukiwa. Hutumia mawimbi ya takriban GHz 2.45, na kiasi kidogo kinachovuja kinaweza kuvuruga Wi-Fi iliyo karibu. Mtandao ukikatika kila chakula kinapopashwa moto, si lazima kutafuta sababu nyingine.

Jina moja, masafa mawili

Kampuni nyingi hutayarisha ruta ili masafa yote mawili yawe na jina moja. Lengo ni zuri, kwani kifaa hujichagulia kilicho bora. Lakini baadhi ya tableti, hasa za bei nafuu au za zamani, hushindwa kuamua. Hurukaruka kutoka GHz 5 hadi GHz 2.4 na kurudi, na kila zinaporuka mtandao hukatika kwa muda mfupi.

Tiba yake ni kuyapa masafa hayo majina mawili tofauti katika mipangilio ya ruta, kisha kuunganisha tableti na moja pekee. Jaribio hilo la siku mbili huonyesha wazi ikiwa tatizo lilikuwa hapo.

Kasoro nyingine hutokana na anwani. Kila kifaa kinapojiunga na Wi-Fi, ruta hukipa nambari ya kukitambulisha, na nambari hiyo hutolewa kwa muda maalumu. Vifaa viwili vikipata nambari moja, hugombana na kimoja hutupwa nje. Hili hutokea pale mtu alipoandika nambari ya kudumu kwenye tableti, au alipoongeza ruta ya zamani ili kufikisha mtandao chumbani. Ruta hizo mbili huanza kugawa nambari kila moja kivyake. Ruta ya pili inapaswa kuzuiwa kugawa nambari, na tableti iachwe ipokee nambari yenyewe.

Idadi ya vifaa nayo ina mpaka. Baadhi ya ruta ndogo za mfukoni zinazotumia laini ya simu huruhusu vifaa 10 hivi. Simu za watu wazima, za watoto, televisheni na kamera zikishajaza nafasi hizo, atakayechelewa hukosa pa kuingia.

Ndani ya tableti

Uchunguzi ukielekeza kwa tableti, kuna hatua ambazo hazigharimu chochote na hazifuti kazi ya mtu. Zinafaa kuchukuliwa moja baada ya nyingine, ili ijulikane ni ipi iliyotatua tatizo.

Ya kwanza ni kuzima tableti kabisa na kuiwasha upya. Ya pili ni kuiagiza isahau mtandao wa nyumbani, kisha kuuchagua tena na kuandika nywila upya. Hatua hii huondoa maelezo ya zamani ambayo huenda yamevurugika, hasa ikiwa ruta au nywila ilibadilishwa.

Ya tatu ni kukagua hali ya kuokoa betri. Tableti nyingine hupunguza nguvu za Wi-Fi au huizima kioo kinapozima. Dalili yake ni kwamba mtandao huwa sawa wakati wa matumizi, lakini hukosekana tableti inapofunguliwa baada ya kulala.

Ya nne ni kukagua tarehe na saa. Betri ikiisha kabisa, tableti nyingine hurudi kwenye tarehe ya zamani. Kivinjari hukagua tarehe kabla ya kukubali mawasiliano na tovuti salama, na hukataa kuifungua ikiwa si sahihi. Mtumiaji hudhani mtandao umekatika, kumbe ni saa tu.

Ya tano inahusu tableti zenye nafasi ya laini ya simu. Nyingi zina mpangilio unaohamia intaneti ya laini pale Wi-Fi inapodhoofika. Mbali na kumfanya mtumiaji aone Wi-Fi ikipotea, mpangilio huu unaweza kumaliza bando bila mwenyewe kujua. Anayeona salio lake likiyeyuka ilhali yuko nyumbani anafaa kuuzima.

Ya sita ni mpangilio wa anwani ya faragha. Tableti za Android kuanzia toleo la 10 la mwaka wa 2019, na za iPad kuanzia toleo la 14 la mwaka wa 2020, huweza kuficha nambari halisi ya kifaa na kutumia ya kubuni, ili mwenye tableti asifuatiliwe anapozuru maeneo mbalimbali. Mzazi aliyeiagiza ruta iruhusu vifaa fulani pekee, au aliyeweka saa za mtoto kutumia intaneti, anaweza kupata tableti ikifungiwa nje kwa kuwa ruta haiitambui. Mpangilio huo unaweza kuzimwa kwa mtandao wa nyumbani tu na kuachwa kwingineko.

Ya saba ni kupakua masasisho ya programu endeshi. Watengenezaji hurekebisha kasoro za Wi-Fi kupitia masasisho hayo, na ruta pia huwa na yake.

Hatua hizo zote zikishindwa, inafaa kurejesha mipangilio ya mtandao pekee. Hili hufuta nywila za Wi-Fi na vifaa vilivyounganishwa kwa Bluetooth, lakini picha na nyaraka hubaki. Ni tofauti kabisa na kurejesha tableti katika hali ya kiwandani, ambako hufuta kila kitu. Anayelazimika kufanya hilo la mwisho sharti kwanza ahifadhi nakala za kazi zake mahali pengine.

Ikiwa tableti iliwahi kuanguka au kuingia maji, na sasa huonyesha nguvu hafifu hata ikiwa kando ya ruta, antena ya ndani huenda imelegea. Kabla ya kuamua hivyo, kifuniko chake kiondolewe, kwani vifuniko vyenye chuma huzuia mawimbi. Tatizo likiendelea, hapo ndipo fundi anahitajika.

Umeme na joto

Pale vifaa vyote vinapokatika pamoja, umeme huwa mshukiwa wa kwanza. Umeme unapopungua nguvu kwa sekunde moja, taa za nyumba huenda zikapepesa tu, lakini ruta hujizima na kuanza upya. Huchukua dakika kadhaa kabla ya kurejesha huduma. Betri ndogo za kuhifadhia umeme wa ruta huuzwa madukani na huziba pengo hilo.

Kichaji cha ruta pia huchakaa. Kikidhoofika, ruta hujizima inapopata kazi nyingi, kwa mfano watu wawili wanapotazama video. Anayenunua kingine anapaswa kuhakikisha volti ni zilezile zilizoandikwa kwenye ruta, na ampea hazipungui zile zilizoandikwa. Kichaji chenye volti tofauti kinaweza kuiunguza.

Joto nalo halifai kupuuzwa. Ruta iliyofunikwa kwa kitambaa, iliyorundikiwa vitabu au iliyowekwa juu ya dekoda hupata joto jingi na kuanza kuyumba. Matundu yake yanahitaji hewa na kupanguswa vumbi.

Jambo la kuepuka

Wapo wanaoshauriwa kuondoa nywila ili tableti 'isipate shida kuingia'. Ushauri huo ni hatari. Wi-Fi isiyo na nywila humwezesha yeyote aliye karibu kuitumia, na anachofanya huonekana kana kwamba kimetoka katika nyumba hiyo. Aidha, wageni hao huongeza msongamano uleule uliokuwa ukilalamikiwa.

Ikiwa tableti ya zamani hukataa ulinzi mpya wa WPA3, ulioanzishwa mwaka wa 2018, ruta nyingi huruhusu WPA2 na WPA3 kutumika kwa pamoja. Hilo linatosha. Hakuna sababu ya kurudi kwenye WEP, mfumo wa kale ambao huvunjwa kwa urahisi.

Haki za mteja

Kasoro ikithibitishwa kuwa upande wa kampuni ya intaneti, mteja hufaidika akiwa na kumbukumbu. Inatosha kuandika kwa wiki moja tarehe, saa mtandao ulipokatika, muda uliochukua, ni vifaa gani vilivyoathirika na taa za ruta zilikuwa za rangi gani. Mhudumu wa simu hawezi kumjibu mteja wa aina hiyo kwamba azime na kuwasha ruta, kisha akate simu.

Malalamishi huanzia kwa kampuni yenyewe, na mteja anafaa kuitisha nambari ya kumbukumbu ya lalamishi lake. Asiporidhishwa na jibu, anaweza kuyawasilisha kwa Mamlaka ya Mawasiliano Kenya. Kanuni za kulinda wateja wa huduma za mawasiliano zimekuwapo tangu mwaka wa 2010, na zinampa mteja haki ya kulalamika na kusikizwa.

Kwa anayelipia huduma hii kila mwezi, wiki moja ya kuandika saa na rangi za taa ni gharama ndogo kuliko bei ya tableti mpya ambayo itaunganishwa na ruta ileile, katika chumba kilekile, na kukatika vilevile.